Sauti Isiyomtaja Bwana Wake

Mwezi Machi 1976 Msumbiji iliufunga mpaka wake na Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Miezi minne baadaye ikasikika redioni sauti ngeni, ikitangaza kwa Kireno na kujiita Sauti ya Afrika Huru. Ilijidai kuwa ni ya Wasumbiji wenyewe, waliochoshwa na utawala wa FRELIMO. Nani aliyeigharimia, haikusema.

Kanuni ya kumtaja mlipaji ilikuwako zamani. Sheria ya Redio ya Marekani ya mwaka 1927, katika kifungu cha 19, iliamuru kwamba jambo lolote linalotangazwa kwa malipo litajwe papo hapo kuwa limelipiwa, na jina la mlipaji litolewe. Sheria ya mwaka 1934 ikairithi amri hiyo. Basi hata muuza sabuni hakuruhusiwa kujificha, kwa kuwa msikilizaji wa redio haoni uso wa asemaye. Asipoambiwa ni nani, atalipimaje neno lake?

Mlipaji wa Sauti ya Afrika Huru alikuwa utawala wa walowezi wa Ian Smith, kwa mkono wa idara yake ya ujasusi iliyoongozwa na Ken Flower. Flower mwenyewe alikuja kuyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1987. Ni kweli kwamba Maputo nayo iliwapa wapigania uhuru wa Zimbabwe nafasi redioni. Lakini hao walijitaja kuwa ni ZANU, na mwenyeji wao alijulikana.

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, RENAMO na redio yake wakahamishiwa Afrika Kusini. Mlipaji akabadilika, msikilizaji asiambiwe. Mapatano ya Nkomati ya tarehe 16 Machi 1984 yalizikataza waziwazi redio za namna hiyo, na sauti ile ikanyamaza. Msaada wa siri, hata hivyo, haukukoma. Agosti 1985 majeshi ya Zimbabwe na Msumbiji yaliiteka Casa Banana, ngome ya RENAMO huko Gorongosa, na humo yakakuta shajara na karatasi zilizoonyesha mawasiliano na maofisa wa jeshi la Afrika Kusini baada ya mapatano. Pretoria ikalazimika kukiri baadhi ya mambo hayo, ikiyaita makosa ya kiufundi tu.