Ugonjwa Uliojificha Mlimani

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Lakini yapo maradhi yasiyofichwa na mgonjwa, hujificha yenyewe, hata daktari hodari asiyaone. Mojawapo ni saratani ya tumbo. Habari zake katika nchi iuzungukayo Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hata Embu, Chuka na Meru, zina funzo kwa kila mwanafunzi.

Habari hizo zaanzia mbali na mlima, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Huko alifanya kazi daktari mpasuaji, Denis Burkitt, aliyezaliwa Ireland mwaka 1911 na kupoteza jicho moja angali mtoto. Mwaka 1958 alieleza habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto wengi. Kisha akajiuliza: je, uvimbe huu wapatikana wapi, na wapi haupatikani? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki kumi, mwendo wa maili 10,000 hivi, mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Njia ile ile akaitumia kuchunguza saratani nyingine. Pamoja na Profesa Michael Hutt wa Makerere alikusanya taarifa kutoka hospitali za Afrika ya Mashariki, na mwaka 1965 wakazitangaza. Ikaonekana kwamba saratani ya umio, yaani njia ishukayo kutoka kooni hadi tumboni, ilikuwa nyingi karibu na Kisumu, lakini haba katika sehemu nyingi za Uganda. Watu ni majirani, lakini ugonjwa wao si mmoja! Hivyo ramani iliwafundisha wataalamu kutafuta sababu katika maisha ya watu: katika vyakula, vinywaji na tumbaku.

Hata hivyo ramani ina upungufu wake: huonyesha kile tu kilichoonekana. Uvimbe wa taya huonwa na kila mpita njia. Saratani ya umio hujulikana mgonjwa ashindwapo kumeza ugali, na baadaye hata uji. Lakini saratani ya tumbo hunyamaza. Mgonjwa huona kiungulia, hushiba upesi, hukonda kidogo kidogo. Husema ni vidonda vya tumbo, akanunua dawa dukani. Pasipo kile kifaa chembamba chenye taa, kipitishwacho kinywani ili kuchungulia tumboni, nani ataujua ugonjwa wake? Basi kwa miaka mingi iliaminika kwamba saratani hii ni adimu katika sehemu kubwa ya Afrika.

Mwaka 2001 mtafiti McFarlane na wenzake watatu walitangaza makadirio ya saratani ya tumbo katika mashariki ya Kenya, upande wa macheo ya Mlima Kenya. Walionyesha kwamba ugonjwa huo haukuwa adimu kama ilivyodhaniwa. Tena waliiita hesabu yao makadirio ya chini, maana mtu aliyefia nyumbani bila kupimwa hawezi kuingia katika hesabu ya hospitali.

Wakati huo chanzo kimoja kilikuwa kimekwisha kujulikana. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kumkuza bakteria aishiye tumboni, aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walimtia katika orodha ya vyanzo vya saratani, na mwaka 2005 wagunduzi wale wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Dawa za kumwua zipo. Lakini watu walio wengi katika wale wenye bakteria huyo hawapatwi na saratani kamwe. Kwa nini huyu augue, na jirani yake asiugue? Swali la Burkitt lingali linangoja jibu.

Enyi vijana, pengine mmoja wenu atakuwa daktari Nyeri au Meru. Na akumbuke kwamba kisu humsaidia yule aliyelala mezani, lakini daftari lililoandikwa kwa uaminifu laweza kuwasaidia wengi ambao hatawaona kamwe. Na asiyekuwa daktari naye ana kazi yake: babu asemapo kwamba chakula hakishuki, apelekwe hospitali mapema, apate kuhesabiwa angali hai.