Peace Proscovia: Ngazi iliyomtoa Arua hadi Australia, na ile inayokosekana Kangemi

Malori na mabasi ya Uganda hupita Kangemi, Nairobi, usiku na mchana, yakishika Barabara ya Waiyaki kuelekea Nakuru, Eldoret na hatimaye mpaka wa Malaba. Nyuma ya soko na vibanda vilivyo kando ya barabara hiyo, katika viwanja vya shule, wasichana hucheza netiboli kwenye udongo mwekundu. Vifaa ni haba: mpira mmoja, nguzo mbili za chuma zenye pete iliyochomelewa juu, na mistari inayofutika mvua inaponyesha.

Huko yanakokwenda mabasi hayo, mchezo huohuo ulimtoa msichana wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukamfikisha katika ligi kubwa za Uingereza na Australia. Anaitwa Peace Proscovia, na kwa miaka mingi alikuwa sura ya She Cranes, timu ya taifa ya Uganda.

Netiboli ilianzia Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, mpira wa vikapu wa Wamarekani ulipobadilishwa ili uchezwe na wanawake. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1901. Walimu wa Kiingereza waliusambaza mchezo huo katika shule za wasichana kote kwenye makoloni, na hadi leo mataifa yanayotamba ni yale ya Jumuiya ya Madola: Australia, New Zealand, Jamaika, Uingereza, Afrika Kusini, Malawi. Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa Eastbourne mwaka 1963. Medali za Michezo ya Jumuiya ya Madola zilianza kushindaniwa Kuala Lumpur mwaka 1998.

Uganda ilishiriki Kombe la Dunia mwaka 1979, kisha ikapotea kwa miaka 36. Iliporudi, mjini Sydney mwaka 2015, ilikuwa na Proscovia katika safu ya ufungaji, na ikamaliza ya nane.

Proscovia alizaliwa mwaka 1989, na urefu wake unakaribia mita 1.93. Urefu huo ni mtaji, lakini hautoshi. Katika netiboli ni wachezaji wawili tu wa kila timu wanaoruhusiwa kufunga, tena wakiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya pete. Pete yenyewe iko mita 3.05 kutoka ardhini na haina ubao wa kuurudisha mpira. Mfungaji akishika mpira ana sekunde tatu za kuuachia. Mlinzi anatakiwa kusimama sentimita 90 kutoka mguu wake, lakini anaruhusiwa kunyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wake.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya mpira kufika. Mfungaji mrefu humweka mlinzi mgongoni, hupanua miguu ili asisukumwe, kisha huinua mkono kuonyesha mahali anapoutaka mpira. Mwenzake huurusha juu, palepale ambapo mkono wa mlinzi haufiki. Ukishadakwa, kilichobaki ni utulivu wa viganja. Anayekosa mara chache ndiye anayeitwa na klabu za ng'ambo.

Kabla ya kuitwa huko, Proscovia alichezea NIC, klabu ya Kampala iliyotokana na shirika la bima la taifa. Klabu hiyo, pamoja na wapinzani wake Prisons wa Idara ya Magereza, ilimpa mchezaji wa Uganda kitu ambacho shule haiwezi kumpa: mechi ngumu kila msimu na sababu ya kuendelea na mazoezi baada ya mtihani wa mwisho. Alipotokea Sydney mbele ya dunia, alikuwa tayari amepikika.

Alipotoka NIC alijiunga na Loughborough Lightning, timu inayolelewa na Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Mwaka 2017 na 2018 timu hiyo ilifika fainali ya ligi kuu, na mara zote mbili ikafungwa na Wasps. Mwaka 2019 alihamia Sunshine Coast Lightning ya Australia, katika ligi inayohesabiwa kuwa ngumu kuliko zote duniani, na msimu huohuo wakacheza fainali na kushindwa na New South Wales Swifts. Mwaka huo pia aliiongoza Uganda kama nahodha katika Kombe la Dunia mjini Liverpool, wakamaliza wa saba.

Mlango alioufungua haukufungwa nyuma yake. Mganda mwenzake, Mary Nuba Cholhok, alichukua nafasi ya ufungaji pale Loughborough, na mwaka 2021 timu hiyo ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Mwaka 2022 Uganda ilikuwa ya tano katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, na ya tano tena mwaka 2023, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town.

Sydney, Liverpool, Cape Town: katika mashindano yote hayo matatu Kenya haikuwamo. Wasichana warefu, wepesi na wenye shabaha wapo tele. Wanapomaliza Kidato cha Nne, wenye bahati huchukuliwa na voliboli, ambako Kenya Pipeline, KCB na Kenya Prisons zina nafasi kwa ajili yao. Ni klabu hizo zilizoijenga Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, iliyocheza Olimpiki za Tokyo na Paris. Klabu za netiboli za namna hiyo ni haba hapa kwetu, kwa hiyo msichana aliyeucheza mchezo huu tangu shule ya msingi mara nyingi huuacha akiwa na miaka 18, umri ambao wenzake wa Kampala ndipo wanapoanza kuiva.

Chanda chema huvikwa pete, lakini lazima awepo wa kukivika. Voliboli imetuonyesha kwamba mashirika ya Kenya yanaweza kulea timu ya wanawake hadi Olimpiki. Yakijitokeza mashirika matatu au manne kuanzisha klabu za netiboli hapa Nairobi, na vyuo vikuu vikatoa ufadhili kwa wachezaji, ligi ya kweli itaanza. Kombe la Dunia la 2027 litachezwa Sydney, na kwa msichana aliye Gredi ya Tisa sasa katika shule ya Kangemi, hilo limekaribia mno. La 2031 linaweza kuwa lake, mradi klabu hizo ziwepo siku atakapomaliza sekondari.