Kusoma Reale ya Mzinga

Watu wa pwani yetu waliiita reale ya mzinga: sarafu kubwa ya fedha ya himaya ya Hispania, iliyochorwa nguzo mbili. Waarabu nao waliona mizinga, wakaiita abu madfaa, mwenye mzinga. Kumbe zile ni Nguzo za Hercules, alama ya Mlango wa Gibraltar, na tepe zilizozizunguka zimeandikwa PLUS ULTRA, yaani "mbele zaidi". Picha humpoteza mtazamaji. Mwenye kutaka kuijua sarafu hii na asome herufi.

Sarafu za zamani zaidi zilikatwa na kupigwa nyundo kwa mkono, hivyo maandishi yake mara nyingi ni nusunusu. Mwaka 1732 kiwanda cha Mexico City kilianza kuzifua kwa mashine, zikawa duara kamili. Hadi 1772 upande mmoja ulibeba ngao ya mfalme, na mwingine nguzo, dunia mbili chini ya taji moja, na maneno VTRAQUE VNUM: "zote mbili ni moja", yaani dunia ya kale na mpya. Kilatini hicho mahali pengine huandika V badala ya U.

Tangu 1772 ikaingia sura ya mfalme. Chukua moja ya 1789. Mbele imeandikwa CAROLUS IV DEI GRATIA, "Carlos wa Nne, kwa neema ya Mungu". Lakini uso ni wa baba yake, Carlos wa Tatu, aliyefariki Desemba 1788. Sura ya mfalme mpya ilikuwa haijafika kutoka Hispania, na kazi haikusimama.

Igeuze. HISPAN ET IND REX ni "Mfalme wa Hispania na Indi". Indi hizo ni Amerika, si Bara Hindi. Herufi M yenye o ndogo juu yake ni Mexico City. Kwenye sarafu nyingine, herufi P, T na S zilizosukwa pamoja ni kiwanda cha Potosí. 8R ni thamani: real nane. Pwani tuliihesabu reale moja. Herufi za mwisho, FM, ni za wakaguzi waliothibitisha ubora wa fedha. Ikitokea hila, jina lao lipo.

Ukipata moja, ipime: iliyo halisi ina takriban gramu 27, na sumaku haiivuti. Tazama na ukingo wake, kwani wenye mashine waliutia nakshi ili mtu asiukwangue fedha. Mstari wa kuunganisha pande mbili ni dalili ya bandia iliyomiminwa katika kalibu. Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu wala majivu. Itang'aa siku moja, na zile herufi ndogo zitakuwa zimelika moja kwa moja.