Chuo

Chuo (wingi: vyuo) ni mahali pa kusomea taaluma au kazi maalumu, kama ualimu, uuguzi, ufundi au ubaharia. Kwa hiyo hutofautiana na shule, inayompa mtoto elimu ya jumla. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kimefundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni taasisi ya sanaa na utamaduni, kilianza 1981. Kenya wana pia chuo anuwai, chenye fani nyingi za ufundi chini ya paa moja. Chuo kikuu ndicho cha daraja la juu kabisa, ingawa mitaani Tanzania ukisema kijana “yuko chuo” itaeleweka kuwa yuko chuo kikuu.

Maana ya kale ni nyingine: chuo kilikuwa kitabu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha habari za Kaisari Herekali. Neno kitabu, lenye asili ya Kiarabu, ndilo lililochukua nafasi hiyo baadaye. Lakini watoto wa pwani walikuwa wamekwisha kupelekwa “chuoni”, yaani kwenye kitabu, kwa mwalimu wa Kurani, na jina la kinachosomwa likahamia mahali kinaposomwa. Lamu, Mombasa na Unguja chuo bado ni madrasa.

Alama ya maana hiyo ya kale imebaki katika mwanazuoni, mtu aliyebobea katika elimu, hasa ya dini. Zuo ni wingi wa chuo katika lahaja za kaskazini, ambako vitabu huwa zitabu. Asichanganywe na mwanachuo, ambaye ni mwanafunzi tu wa chuo.

Matumizi mawili humtatiza mgeni. Zanzibar, Chuo cha Mafunzo ni gereza, na wafungwa huitwa wanafunzi. Pia chuo huhesabu ndoa: mwanamke wa vyuo vitatu ameolewa mara tatu, hata kama hajapata kuingia darasani.