Vitabu vya Vijana na Kumbukumbu ya Utumwa Songwe

Zitajwapo habari za utumwa, fikra za wengi huelekea Bagamoyo na Unguja. Kijana wa Mbozi au Tunduma aweza kudhani kwamba maafa hayo yalikuwa ya watu wa pwani. Sivyo. Nchi hii iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambayo tangu 2016 ni sehemu ya Mkoa wa Songwe, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya maboma na hofu.

Ushahidi upo. Mwaka 1932 Sheldon Press ya London ilichapa kwa Kiingereza, katika mfululizo wa vijitabu vya wasomaji wa Afrika, masimulizi ya watu watatu wa pande hizi: Bibi Narwimba, Chisi Ndjurisiye Sichyajunga na mwalimu Msaturwa Mwachitete. Habari za wanawake hao wawili ziliandikwa na mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer. Chisi na Mwachitete walitekwa wangali watoto. Narwimba, alipofiwa na mumewe, alijitafutia himaya kwa jamaa wa marehemu, kwani mwanamke asiye na wa kumtetea alikuwa mali ya yeyote.

Mwaka 1934 kilitoka kitabu mashuhuri cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Humo mateka hukombolewa na merikebu za Waingereza, wakapata makao Freretown, Mombasa. Lakini Songwe hapakuwa na merikebu. Aliyetaka kuokoka alitegemea miguu yake, ukoo wake na akili yake.

Tena mtekaji hakuwa mgeni daima. Mara nyingi alikuwa jirani. Hili ndilo jambo zito kumwambia mtoto, nalo ndilo lisilofaa kuachwa. Mwandishi anayemtwika mgeni lawama yote humnyima kijana nusu ya historia yake. Wala kusema kweli si kufufua uhasama: leo Wanyiha, Wanyamwanga na Wasafwa wanaoana na kuuziana mazao soko moja. Amani hiyo ina thamani zaidi kwa ajuaye ilivyopatikana kwa shida.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yafaa masimulizi haya yasomwe kwa Kiswahili katika shule za Songwe, na wasomaji wake wawe watoto wa umri ule ule aliokuwa nao Mwachitete alipotekwa.