Mgambo na Sauti

Kiswahili hakina njaa ya majina ya milio. Aliye mbali huitwa kwa ukemi, aliyefikwa na janga hupiga yowe, harusini hupigwa vigelegele, siri hupitishwa kwa mnong'ono, na mtoto aliyeungua hutoa unyende wa kutoboa ukuta. Lakini kile kitokacho kooni chenyewe, kabla hakijawa yowe wala mnong'ono, tunakiita kwa neno la Kiarabu: sauti. Hili linataka maelezo, maana koo ni letu, ulimi ni wetu, kinywa na masikio ni vyetu kwa jina na kwa asili. Wala haiwezekani kusema kuwa Wabantu hawakuwa na jina la kitu hicho. Wanyarwanda na Warundi wanalo, ijwi; Washona na Wazulu wanalo, izwi. Naamini neno la kigeni lilishinda kwa sababu lilipita mlango wa hadhara: adhana, kisomo cha Kurani, kaswida, mahali ambapo sauti hupimwa na kusifiwa mbele za watu. Tangu hapo historia ya neno hilo imekuwa historia ya nani anastahili kusikilizwa.

Ushahidi wangu mkubwa ni neno jingine, mgambo. Zamani katika miji ya pwani, mwenye mji alipotaka watu wajue jambo, mbiu ilipigwa, yaani pembe ya nyati. Watu wakatoka milangoni wakatega sikio. Tangazo lile ndilo mgambo, na hadi leo tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siwa za Pate na Lamu nazo, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, zilipulizwa kwa shughuli za wakubwa, si za kila mtu. Sasa tazama jamaa za neno hilo. Kwa Waganda kugamba ni kusema, na kwa Wakikuyu mũgambo ndiyo sauti yenyewe. Neno ambalo kwa jirani ni sauti ya mtu yeyote, kwetu limekuwa sauti ya mtawala peke yake. Wala halikuishia hapo. Tanzania ya enzi ya Mwongozo wa TANU wa 1971, uliohimiza wananchi wafunzwe ulinzi, ililizoea kama jina la jeshi la raia. Leo muuza nyanya akisikia wenzake wanaita “Mgambo!” hukusanya turubai lake kwa pembe nne na kukimbia. Haliko tena tangazo la kusikiliza. Kuna rungu la kukwepa.

Mwanaisimu atanikatiza hapa. Atasema Kiswahili huidondosha g ya kale: Mganda husema kugenda, sisi kwenda; Mganda kugamba, sisi kuamba, kitenzi ambacho kimebaki hai katika kuambia. Kama mgambo lingekuwa la ukoo wetu, g yake ingekwisha kudondoka. Hoja hiyo ni nzito na ninaikubali: huenda mgambo lilitoka kwa majirani wa bara. Lakini hapo hoja yangu inapata nguvu zaidi. Kitenzi cha nyumbani tulikuwa nacho, na bado tukaazima mara mbili, huku kwa watu wa bara, kule kwa Waarabu. Na mara zote mbili kilichohitajiwa kilikuwa jina la sauti inayosikika barazani.

Wengine watasema kwamba “mwenye sauti” na “hana sauti” ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kwa redio kuna ukweli. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951 chini ya Waingereza, Mombasa ikawa na Sauti ya Mvita, na Kenya huru ikapata Sauti ya Kenya mwaka 1964; muundo wa majina hayo ni wa mkoloni. Kazi yake, hata hivyo, ni ile ile ya mbiu: mmoja anasema, mji mzima umenyamaza. Tena Waarabu wa leo kura ya uchaguzi huiita kwa neno hilohilo la sauti. Sisi kwa uchaguzi tulichukua kura, neno ambalo asili yake ni kuamua jambo kwa bahati, na sauti tukaiacha kwa wenye mamlaka. Ndiyo maana Mswahili anaweza kusema, bila kujipinga, kwamba fulani ana kura lakini hana sauti.

Kwa hiyo nawaona wakubwa sana wale waliolinyang'anya neno hili kutoka barazani. Siti binti Saad, mtoto wa watu maskini wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na koo la mwanamke asiye na cheo likasikika kwenye santuri ndani ya majumba ya wenye vyeo. Jina lake likaja kuwa jina la jarida la wanahabari wanawake wa Tanzania, Sauti ya Siti. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?, akatoka 1972, na mwaka uliofuata ikachapishwa diwani yake, Sauti ya Dhiki. Wakati huo huo redio ya serikali ilikuwa ikijitaja Sauti ya Kenya kila siku. Mashairi ya diwani hiyo aliyatunga gerezani kwa siri, mengine akiyaandika kwenye karatasi za msalani.