Likizo ya Wafuma Nguo: Habari za Safari za Pwani Katika Uingereza

Mtu wa Kabungu atakaye kuliona Ziwa Tanganyika hushika njia ya magharibi mpaka Ikola au Karema. Naye huenda kwa sababu: kununua dagaa na migebuka, kumzuru ndugu, au kungoja chombo cha kuvuka. Ukimwuliza, "Waenda ziwani kufanya nini?" naye akajibu, "Naenda kukaa tu na kuyatazama maji," yamkini utadhani anakuficha jambo. Lakini katika Uingereza watu maelfu kwa maelfu wamesafiri kwa ajili hiyo tu: kukaa karibu na maji siku chache, kuvuta hewa safi, kisha kurudi kazini. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi desturi hiyo ilivyoanza, na ni nani aliyeilipia. Maana hilo la pili watu wengi hulisahau.

Waliotangulia kwenda pwani kwa kupumzika hawakuwa wafanya kazi, bali wagonjwa wenye mali. Mwaka 1750 tabibu mmoja, Richard Russell, alitoa kitabu juu ya faida ya maji ya bahari katika magonjwa ya tezi. Akawaagiza wagonjwa wake wayaoge, na hata wayanywe. (Sisi hatumshauri msomaji ajaribu.) Mfalme George wa Tatu mwenyewe alioga baharini huko Weymouth mwaka 1789. Waungwana hao hawakukubali kuonekana na watu wakivua nguo, basi walitengenezewa vibanda vya mbao juu ya magurudumu. Mtu aliingia kibandani pwani kavu, farasi akakikokota mpaka majini, naye akashuka kwa ngazi upande wa baharini pasipo kutazamwa.

Magurudumu hayo yalikuwa na kazi nyingine pia, nayo yataka maelezo kwa watu wa bara. Bahari haikai mahali pamoja. Kila siku hupwa na kujaa, kwa kawaida mara mbili, hata pengine maji huuacha mchanga mtupu mwendo mrefu. Ziwa letu halina desturi hiyo. Hata hivyo liliwahi kupungua sana kwa njia yake yenyewe: Wabelgiji walipojenga kituo chao Karema mwaka 1879, maji yalikuwa karibu, lakini ziwa lilikuwa limekwisha kupata njia ya kutokea kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, likazidi kushuka mwaka kwa mwaka, hata kituo kikabaki mbali na ufuko.

Sasa tuwatazame wafanya kazi. Katika jimbo la Lancashire, kaskazini ya Uingereza, palikuwa na miji mingi iliyoishi kwa pamba: Oldham, Bolton, Blackburn, Burnley, na mji mkubwa wa Manchester kati ya biashara yote. Nguo za jimbo hilo zilisafiri duniani kote, na kwetu zilifika vichwani mwa wapagazi. Seyyid Barghash wa Unguja alipozuru Uingereza mwaka 1875 alifika hata Manchester. Waliozifuma nguo hizo, wanaume kwa wanawake, walishinda ndani ya vumbi la pamba na kelele ya mitambo, hata wengi walijizoeza kusoma midomo ya wenzao kwa kuwa masikio hayakufaa kitu.

Sheria ya mwaka 1850 iliagiza kwamba wanawake na vijana waachwe viwandani saa nane mchana siku ya Jumamosi. Mwaka 1871 ikatoka sheria nyingine ya kuweka siku kuu chache ambazo mabenki hufungwa, na watu wengine wakazifuata. Lakini watu wa pamba walikuwa na jambo lao la zamani zaidi. Kila mji ulikuwa na sikukuu ya kanisa lake, na tangu kale watu waliacha kazi siku hizo, bwana apende asipende. Mwisho wenye viwanda waliona ni heri kufunga milango yote kwa siku kadhaa, baadaye juma zima, na kuitengeneza mitambo wakati huo. Kila mji ulikuwa na juma lake, huu ukirudi kazini na mwingine ukitoka.

Basi waende wapi? Reli ilikuwa imefika Blackpool, mji wa pwani wa jimbo hilo, tangu mwaka 1846. Huko palijengwa gati refu la kutembelea juu ya bahari mwaka 1863, na mnara wa chuma ulifunguliwa mwaka 1894, kimo chake futi 518, kwa kuuiga ule wa Paris. Palikuwa na punda wa kupanda watoto mchangani, na kumbi za ngoma, na peremende ndefu kama fimbo yenye jina la mji limeandikwa ndani yake tangu mwanzo hata mwisho; ukiuma popote, jina lipo.

Msomaji asidhani kwamba tajiri ndiye aliyewapeleka. Kiwanda kilipofungwa, mshahara nao ulifungwa. Juma la sikukuu lilikuwa juma la njaa kwa asiyejiandaa. Kwa hiyo wafuma nguo walianzisha vyama vya akiba: kila juma mtu alitoa peni chache, mwaka mzima, mfano wa kibubu, ila kibubu cha watu wengi, na juma la sikukuu likikaribia kilivunjwa, kila mtu akapewa chake. Twaona hili ni jambo kubwa kuliko mnara. Mnara ulijengwa na wenye mali, lakini walioulipia ni wale waliojinyima peni hizo.

Hata malazi yalikuwa kwa hesabu. Walilala katika nyumba za akina mama wa mji ule, watu kadhaa chumba kimoja. Mara nyingi mgeni alinunua chakula chake mwenyewe, na mama mwenye nyumba akampikia. Kisha katika hesabu ya mwisho aliweza kukuta ametozwa hata chumvi na pilipili ya mezani. Baada ya kifungua kinywa walitakiwa watoke, wasirudi mpaka wakati wa chakula, mvua inyeshe isinyeshe. Na huko mvua hunyesha sana.

Baada ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918 yalienea magari ya motokaa. Malori mengi ya jeshi yaliuzwa, na watu wakayatia mabenchi safu kwa safu. Gari hilo lilikuwa wazi juu, likaitwa kwa jina la Kifaransa, sharabangi. Mipira yake kwanza ilikuwa migumu, haina upepo ndani, na mwendo wa sheria ulikuwa maili 12 tu kwa saa. Lakini lilikuwa na jambo ambalo gari la moshi halikuwa nalo: lilikuja mpaka mlangoni pa kanisa, au kiwanda, au kilabu cha pombe, likawachukua wanaojuana, wakaimba njia nzima. Punde yakaja mabasi yenye paa na vioo, na mwaka 1932 kituo kikubwa cha mabasi hayo kilifunguliwa London, mahali paitwapo Victoria.

Mwaka 1938 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya likizo yenye malipo, kwa kadiri ya juma moja katika kazi nyingi. Kabla watu hawajaifaidi sawasawa, vita vikaja. Mwaka 1940 pwani ya kusini na mashariki ilizungushiwa seng'enge na kutegwa mabomu, na magati yakakatwa katikati ili adui asishukie hapo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu waliokuwa sasa na likizo ya kulipwa walimiminika pwani kuliko wakati wowote. Tangu miaka ya 1960 ndege zikaanza kuwachukua kwenda Hispania kwenye jua, viwanda vya pamba vikafungwa kimoja baada ya kingine, na yale majuma ya miji yakafifia. Mabasi ya likizo yangalipo. Abiria wake wengi ni wazee, ambao hulipa mara moja kwa safari, kitanda na chakula.

Kwetu Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika mwaka wa kazi. Mwalimu wa Kabungu anazo, karani wa Mpanda anazo. Mkulima wa pamba hakuandikiwa hata siku moja. Likizo yake huanza pale pamba ilipokwisha kupimwa na fedha kulipwa, na kabla mvua hazijamrudisha shambani. Akitaka kwenda Ikola kuyatazama maji, nauli ataitoa katika kibubu chake, kama walivyofanya wafuma nguo wa Oldham.